Dosie ya Lubunga Evariste

Kambi ya Mawe, upande wa Moba
8 Oktoba 2023

Mdogo wangu Fiston,

Nakusalimu wewe, mama yetu, na binti yangu Naomie unayenitunzia hapo Songo tangu mama yake atuache. Mimi niko. Siongezi neno hapo, kwa sababu nikianza kukueleza mgongo, karatasi itaisha.

Usishangae kupata barua. Simu hapa ni ya kutazamia saa tu. Ukitaka mtandao unapanda mlima, na magoti yangu yameshapanda ya kutosha. Toussaint, karani wa boti inayotoka bandari ya Kalundu hapo Uvira, amekubali kubeba karatasi zetu kwenda na kurudi. Namlipa kwa samaki wakavu.

Sababu ya kuandika ni hii. Kapita wetu, mzee Nizigama, anarudi kwao bondeni Ruzizi mwezi wa saba. Ni yeye anayekaa kivulini, anahesabu matoroli na kuandika ripoti ya siku. Injinia ametangaza kwamba kapita mpya atatoka kati yetu sisi wavunja mawe, lakini lazima awe na diplome ya sekondari. Bila hiyo karatasi hataki hata kukuangalia usoni.

Nimevunja mawe miaka tisa, Fiston. Mkono wa kulia, vidole viwili vya mwisho havisikii kitu. Juzi niliviweka juu ya sufuria ya moto nikajua kwa harufu. Mwaka mwingine wa nyundo siuwezi, nakwambia kweli, na nikitoka hapa hakuna kambi itakayochukua mtu wa miaka arobaini na mmoja mwenye mkono kama wangu.

Unakumbuka niliacha shule baada ya mwaka wa tano wa sekondari, katika opsio ya pedagojia, mchepuo wa ualimu. Mwaka mmoja tu ulibaki. Nizigama anasema mtu kama mimi anaweza kufanya Exetat, mtihani wa taifa, kama otodidakti, yaani bila kukaa darasani. Weye ni mwalimu, unajua njia zote. Nenda ofisi ya wakaguzi uulize wanataka nini. Karatasi zangu, seti, kile cheti cha msingi, na mabuletini ya alama mpaka mwaka wa tano, ziko katika ule mfuko mweusi wa plastiki ndani ya sanduku la mama. Nilizipanga mimi mwenyewe siku niliyotoka.

Kaka yako,
Evariste

*

Uvira, Songo
2 Novemba 2023

Yaya Evariste, kaka yangu mkubwa,

Barua yako imefika. Mama aliishika mkononi kabla sijaisoma, akauliza kama umekonda. Nikamwambia karatasi haionyeshi.

Niliuliza. Otodidakti anatakiwa kuleta seti ya msingi, mabuletini ya miaka aliyosoma, na picha nne. Kwanza kuna jaribio la awali, kwa sababu hawaamini watu wa nje. Ukilipita, mwezi wa tano unaandika insha ya Kifaransa na kuulizwa kwa mdomo. Kisha siku nne za maswali: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsio. Unatakiwa upate nusu ya alama zote. Kupokea dosie za waombaji kunafungwa mwisho wa mwezi wa kwanza.

Yaya, nikuambie kama mwalimu. Programu imebadilika. Vitabu ulivyosoma weye havipo tena. Nimeona watu wazima wakikaa kati ya watoto, wanatoka jasho, halafu matokeo yakitoka jina lao halisomwi redioni. Sitaki uone aibu hiyo. Hakuna kazi nyingine kambini? Jikoni, au ulinzi?

Mama anakusalimu. Naomie ana akili, lakini ni mbishi. Yuko mwaka wa nane, kwa hesabu mpya inayoanzia shule ya msingi, na mwezi wa saba lazima achague opsio. Namwambia achukue pedagojia hapa shuleni kwangu, ambapo mtoto wa mwalimu halipishwi. Yeye anataka biokimia katika shule ya mbali.

Mdogo wako,
Fiston

*

Kambi ya Mawe
19 Novemba 2023

Naomie binti yangu,

Baba yako mdogo anasema uko mbishi. Hilo ulilitoa kwangu, kwa hiyo sikugombezi. Lakini msikilize. Anayekulisha ana haki ya kusema.

Nina kazi ya kukupa, na usicheke. Baba yako anataka kurudi shule. Tafuta finalisti mmoja wa pedagojia, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, hapo jirani, umwombe madaftari yake, unakili masomo ya mwaka wa sita. Anza na Kifaransa na saikolojia. Andika herufi kubwa, kwa sababu macho yangu yamejaa vumbi la mawe.

Baba yako,
Evariste

*

Uvira, Songo
10 Desemba 2023

Baba mpenzi,

Sikucheka. Nilicheka kidogo.

Yaya Providence, dada mkubwa wa nyumba ya tatu, ni finalisti. Ananipa madaftari yake kila Jumamosi, mimi namchotea maji. Nimekunakilia kurasa sitini. Mahali ambapo sikuelewa nimechora mstari, ili na weye usielewe pale pale, halafu tuulizane. Mwisho nimeweka maswali ya insha aliyowapa mwalimu wao. Mwalimu wao ni baba mdogo mwenyewe! Swali la kwanza linasema: «Je, kazi yoyote inampa mtu heshima?»

Baba, kuna kitu nataka nikuambie, utafurahi. Shuleni hakuna anayemwita baba mdogo Fiston. Wanafunzi, walimu, hata mkuu wa shule, prefe, wote wanamwita Mwalimu Evariste. Mara ya kwanza niliposikia niligeuka nyuma, nikafikiri umekuja. Nilimwuliza bibi kwa nini. Akasema, «Ni kwa kumheshimu mukubwa wake.» Niliona ni kitu kizuri sana.

Kuhusu opsio: baba mdogo anasema biokimia ni ya watoto wa matajiri. Mimi nataka kufanya kazi maabara, pale wanapopima damu. Ukiwa hapa ungesemaje?

Naomie

*

Kambi ya Mawe
30 Desemba 2023

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka unaokuja. Noeli tulipewa nyama ya mbuzi na siku moja ya kulala. Nililala.

Nilikasirika na barua yako, kisha hasira ikapoa. Aibu unayosema, Fiston, iko wapi? Hapa tunaoga uchi watu arobaini kwenye bomba moja. Kukaa kati ya watoto siwezi kuogopa. Walinzi wanachukuliwa wale wenye miguu ya kukimbia, na jikoni kuna wake za watu. Nina njia hii moja tu.

Kila jioni kabla giza halijaingia nasoma kurasa mbili za Naomie. Wenzangu wananiita Mesiye Prefe. «Mesiye Prefe, leo tumepata alama ngapi?» Nawajibu, «Wewe umepata sifuri, leta hilo toroli.»

Naomie ameniambia wanavyokuita shuleni. Nilikaa na hiyo barua siku mbili. Sikujua. Mimi nilifikiri nikiondoka nimesahauliwa, kumbe mdogo wangu analibeba jina langu mbele ya watoto wa watu. Aksanti. Sijui kusema vizuri vitu vya namna hiyo.

Sasa peleka ule mfuko. Picha nne hizi hapa, nilipigwa na fundi aliyepita na boti. Usiseme nimezeeka, naona mwenyewe.

Evariste

*

Uvira, Songo
21 Januari 2024

Yaya,

Nina habari mbaya, na imenisumbua namna ya kukuandikia. Unajua jinsi maji ya ziwa yamepanda. Nyumba nyingi zimeingiliwa. Sanduku la mama lililowa, na ule mfuko ulikuwa chini kabisa. Karatasi zimekuwa uji. Nilijaribu kuzianika, zikakatika mkononi.

Bila mabuletini ofisi haipokei dosie. Nasikitika sana. Labda Mungu hakutaka upite njia hii.

Fiston

*

Kambi ya Mawe
4 Februari 2024

Naomie,

Pole na maji. Mwambie bibi asilie kwa ajili ya zile karatasi. Nguo zake zilikauka? Na weye, madaftari yako yaliponea wapi?

Baba yako

*

Uvira, Songo
18 Februari 2024

Baba,

Sielewi swali lako. Maji yaliingia kule chini karibu na ziwa, upande wa Kalundu. Sisi tuko huku juu Songo. Hatukupata hata tope. Sanduku la bibi liko palepale juu ya matofali, nimelikalia sasa hivi nikiandika. Nguo zake zote zimo. Bibi anauliza nani amekudanganya.

Nimekunakilia saikolojia yote. Ulipata sura ya «hamasa ya kujifunza»?

Naomie

*

Kambi ya Mawe
25 Februari 2024

Ndugu Toussaint,

Barua hii ni yako mwenyewe, si ya kupeleka. Boti ikifunga Kalundu, panda mpaka ofisi ya wakaguzi wa shule. Uwaulize: mtu aliyesoma mpaka mwaka wa tano, na mabuletini yake yamepotea, wanaweza kumtafuta katika vitabu vyao? Jina langu kamili ni Lubunga Evariste, nilizaliwa Uvira mwaka 1982, tarehe 14 Machi. Dosie najua zimefungwa. Nataka kujua tu kama nimo.

Evariste, wa kambi

*

Kalundu
5 Machi 2024

Mzee Evariste!

Weye ni muntu wa namna gani? Miezi yote hii nakubebea barua, unaniambia ulitoka shule njiani, kumbe unanichezea! Mama wa ofisi alifungua kitabu kikubwa, akafuata mistari na kidole, akasema: «Lubunga Evariste, wa kumi na nne Machi tisini… hapana, themanini na mbili. Huyu anatafuta nini tena? Alipata diplome mwaka 2006. Pedagojia, asilimia hamsini na nne.» Nikamwambia mama, angalia tena. Akaniambia, «Miye natazama miaka ishirini, weye unanifundisha kusoma?»

Iko pale kwa wino. Mapongezi! Nenda kwa injinia wako ukachukue kiti chako. Na samaki mara hii wawe wakubwa.

Toussaint

*

Kambi ya Mawe
10 Machi 2024

Fiston,

Mwaka 2006 nilikuwa Kalemie nabeba saruji mgongoni. Sikuwa katika chumba chochote cha mtihani. Najua mahali nilipolala kila mwezi wa mwaka ule, kwa sababu nilikuwa nakutumia pesa kutoka kila mahali.

Kwanza niliwaza, ni mtu mwingine mwenye jina kama langu. Ila siku ya kuzaliwa ni yangu. Kisha nikatoa barua ya Naomie ya mwezi wa kumi na mbili, nikaisoma upya. Mwalimu Evariste. Na mimi nilikuandikia aksanti.

Niliacha shule ili weye ubaki shule. Hilo sikukudai, wala leo sikudai. Lakini ungeniambia. Umeniacha nisome saikolojia miezi mitatu chini ya bati, watu wananicheka, na weye unajua mlango umefungwa na aliyeufunga ni weye. Halafu unaniandikia Mungu hakutaka. Maji, Fiston? Ukalitia hata ziwa katika uongo wako?

Niambie ilivyokuwa. Usinipambie.

Evariste

*

Uvira, Songo
24 Machi 2024

Yaya,

Sipambi.

Unakumbuka mimi nilimaliza shule ya msingi mwaka 1998, vita ilipoingia. Shule ilivunjwa, seti zetu hazikutoka. Sekondari walinipokea bila seti, prefe akisema utaleta siku moja. Nikasoma hivyo miaka minane, nikirudia na kusonga, kwa jina langu la Fiston. Mwaka wa mwisho, wiki ya kuandikisha Exetat, prefe aliingia darasani akasema: «Ijumaa saa sita dosie inaondoka. Asiye na seti ya msingi angojee mwaka kesho.»

Nilirudi nyumbani nikalia kama mtoto. Mama alinitazama, akaenda kwenye sanduku, akatoa mfuko wako. Nikamwambia, mama, hizi ni za yaya. Akaniambia, «Lubunga ni jina la baba yenu wote wawili. Hiyo Evariste ni maji ya padri tu. Yaya yako yuko mbali, hatarudi darasani. Utaacha karatasi zioze na mtoto mwingine akose?»

Ijumaa nikapeleka. Nikafanya mtihani kwa jina lako, nikapita. Baadaye nilipotafuta kazi, diplome ilikuwa yako, basi na kazi ikawa kwa jina lako. Orodha ya mishahara ni Evariste. Kila asubuhi watoto wanaposimama na kusema «Bonjour Mwalimu Evariste», kuna sekunde moja nangojea weye uitike.

Nilitaka kukuambia mara nyingi. Ulikuwa hurudi, nami nikafikiri karatasi hutazihitaji tena.

Ndani ya bahasha ya kaki iko diplome yenyewe, si nakala. Imeandikwa jina lako na siku yako ya kuzaliwa. Ichukue kwa injinia. Ila ujue kitu kimoja, kwa sababu sitaki kukuficha tena chochote: kampuni nyingi huandika Uvira kuuliza kama diplome ni ya kweli. Wakiuliza, wataambiwa Lubunga Evariste ni mwalimu Songo. Watatafuta ni yupi. Ukiipeleka, niambie tu mapema, niache kazi kabla hawajanijia mbele ya wanafunzi. Kuhusu Naomie na mama, nitatafuta cha kufanya. Nitashuka Kalundu kubeba mizigo kama weye zamani.

Sikuombi unisamehe.

Fiston

*

Kambi ya Mawe
28 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Nimechelewa kwa sababu sikujua niandike kwa mdomo upi.

Diplome ilifika haina kunjo hata moja. Ni karatasi nzuri. Nililisoma jina langu, siku yangu, na ile hamsini na nne, nikajaribu kukumbuka hata swali moja la mtihani ule. Nikakosa. Basi nikajua si yangu, hata kama macho yanasema yangu.

Usifikiri mimi ni mtakatifu. Jumatatu ya kuomba ukapita niliivaa ndani ya shati nikaenda mpaka mlangoni kwa injinia. Kulikuwa na Térence mbele yangu kwenye foleni, kijana wa Rurambo, aliyekuja juzi. Karani akachukua diplome yake, akaandika namba, akasema, «Hii tunaituma kwao ikathibitishwe, majibu ni wiki tatu.» Nikasimama pale. Nikakuona weye na chaki mkononi, prefe anaingia na watu wawili. Nikamwona Naomie anafunga nguo zake. Na mama, ambaye atasema kwa watu kwamba ni yeye aliyetoa karatasi, wala hawatamsikia.

Karani akaniuliza, «Na weye mzee, diplome?» Nikamwambia sina. Akacheka, «Sasa kwa nini unapiga foleni?» Nikamwambia nilifikiri wanagawa sabuni.

Térence amechukua ukapita. Unajua opsio yake? Ushonaji. Mkubwa wetu wa mawe ana diplome ya kushona sketi. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na kisha sikucheka tena. Mimi naendelea na nyundo. Naishika kwa mkono wa kushoto sasa, ninajifunza. Injinia anasema ikifika mwisho wa mwaka na sijafikisha matoroli, nitarudishwa kwetu. Basi nitarudi.

Hasira bado iko. Usiniandikie kwamba nimekusamehe, nitakuambia mwenyewe siku ikifika. Diplome nakurudishia kwa Toussaint, nimeifunga katika plastiki mbili. Kula nayo. Umefundisha kwa hiyo karatasi miaka mingi, na Naomie anasema unafundisha vizuri.

Lakini kuna kitu utanilipa, na si pesa. Mimi nilitaka kumaliza mwaka wa sita. Nilianza kwa ajili ya kiti, sasa kiti hakipo, na bado kila jioni mikono inatafuta daftari. Ofisi haiwezi kunitahini, kwa sababu Evariste alishapita. Basi nitahini weye. Katika hii bahasha kuna insha yangu ya Kifaransa juu ya swali lako: «Je, kazi yoyote inampa mtu heshima?» Isahihishe kama ya mwanafunzi yeyote. Usinipe hamsini na nne kwa aibu. Usinipe hata nusu alama ya undugu. Ukinihurumia nitajua, na hapo kweli tutakuwa tumemalizana.

Naomie asijue haya kwa sasa. Nitamwambia mimi, akishakuwa mkubwa.

Evariste

*

Uvira, Songo
16 Juni 2024

Yaya,

Nilisahihisha insha yako mara tatu. Mara ya kwanza nilikupa sitini na tano, nikaona nakuibia tena, nikafuta. Mara ya pili nilikuwa mkali kupita kiasi kwa kuogopa huruma. Mara ya tatu niliichanganya na za finalisti wangu arobaini na wawili, nikafunika majina, nikasahihisha zote Jumapili nzima.

Umepata arobaini na saba kwa mia. Hujapita.

Makosa ni haya. Utangulizi ni mrefu mno, unazunguka nyumba bila kuingia mlangoni. Unachanganya wakati uliopita na wakati uliopo. Swali linauliza «je», nawe hukujibu ndiyo wala hapana. Umeeleza mawe kurasa mbili kisha ukaacha. Hitimisho halipo. Nyakati za vitenzi utazisoma upya katika daftari la Providence, kurasa za kijani.

Lakini aya ya tatu, pale unaposema mtu aliyevunja jiwe siku nzima hapati heshima wala hakosi, anapata kokoto, na heshima inangoja nani atapita juu ya barabara ile: niliwasomea finalisti bila kusema ni ya nani. Mmoja akauliza, «Mwalimu, huyu ni mwandishi wa wapi?» Nikasema ni mtu anayerudia darasa.

Nakutumia swali jipya na vitabu viwili. Kuhusu Naomie: fomu ya opsio inataka sahihi ya baba. Ningeweza kuisaini mimi, jina ni lilelile, hakuna ambaye angejua. Sikuisaini. Iko katika bahasha, na mahali pa opsio nimeacha wazi.

Fiston

*

Kambi ya Mawe
7 Julai 2024

Naomie binti yangu,

Fomu yako nimeisaini. Mkono wa kushoto, ndiyo maana sahihi imelala upande. Nimeandika biokimia. Baba mdogo amekubali, usimnunie tena. Shule ni mbali, utatembea. Miguu unayo.

Miaka minne si mchezo. Kila mwisho wa mwaka chukua buletini yako, usiiachie ofisi hata siku moja. Seti yako ya msingi iko wapi? Ikamate. Ukiulizwa jina, lisome kwenye karatasi herufi kwa herufi kabla hujaondoka dirishani. Usimwazime mtu hata kama analia, hata kama ni wa tumbo moja nawe. Mtafutie njia nyingine, lia naye, lakini jina ubaki nalo. Sababu nitakueleza nikirudi.

Madaftari endelea kunakili. Nimerudia darasa.

Baba yako

*

Kambi ya Mawe
7 Julai 2024

Fiston,

Arobaini na saba.

Niliwasomea wenzangu. Mzee Nizigama, ambaye kesho anapanda boti kurudi kwao, alisema, «Ndugu yako wa damu amekuangusha kwa alama tatu? Huyo ana roho ya jiwe!» Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao, nikatoka nje kidogo.

Hiyo ndiyo alama ya kwanza niliyopata tangu 2002. Nimeiweka ndani ya shati, pale nilipokuwa nimeweka ile nyingine.

Makosa ya vitenzi nimeyaona. La utangulizi nakubali. La hitimisho sikubali: mtu ambaye bado yuko kazini atahitimisha nini? Lakini sawa, weye ndiye mwalimu, nitaweka.

Insha mpya iko humu. Nimejibu swali katika mstari wa kwanza kabisa, ili usiseme. Ukiikuta chini ya hamsini, niambie. Na jina la juu angalia vizuri kabla hujalifunika: ni langu, nimeliandika mwenyewe.

Evariste